Kukubali na Kukataa Hoja: Maziwa ya Magamba na Karanga za Kongwa

Neno "hoja" lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo hazitenganishwi kwa urahisi. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni uthibitisho, yaani jambo linalotolewa ili kuonyesha kwamba kauli fulani ni ya kweli. Maana hiyo ndiyo inayokusudiwa mtu anaposema kwamba mwenziwe "hana hoja". Lakini katika Bunge na katika mikutano mingine, hoja ni pendekezo linalowekwa mbele ya wajumbe ili walikubali au walikatae. Mtoa hoja hueleza, mwingine huunga mkono, wajumbe huchangia, kisha Spika huwahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Upande wenye sauti nyingi ndio unaoshinda.

Utaratibu huo unafaa kwa kazi yake. Watu wanaoishi pamoja hawana budi kuwa na njia ya kufikia uamuzi hata pale wasipokubaliana, na wahenga walikwisha kusema kwamba wengi wape. Matatizo huanza pale maana hii ya pili inapoimeza ile ya kwanza. Katika mdahalo wa shule, kwa mfano, watetezi na wapinzani hushindana mbele ya wenzao. Mwenye sauti nzuri na maneno ya kuchekesha hupigiwa makofi, na mwanafunzi huondoka ukumbini akidhani kwamba hoja imethibitishwa, kumbe imepitishwa tu. Kura ya ndiyo huamua litakalofanywa. Haiongezi chembe moja ya ukweli juu ya yale yaliyosemwa.

Basi hoja, kwa ile maana ya kwanza, ikubaliwe kwa nini? Na ikikataliwa, ni kitu gani hasa kilichokataliwa? Maswali haya ni mepesi kuulizwa kuliko kujibiwa, na hayajibiki vizuri bila mifano. Ipo mifano miwili iliyotokea katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, ambayo yafaa ichunguzwe pamoja. Katika mmoja, hoja ya mwanafunzi ilikataliwa upesi mno. Katika mwingine, hoja ya wakubwa ilikubaliwa upesi mno.

Maziwa ya moto

Mwaka 1963 wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara karibu na Lushoto, walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe mpaka yakaribie joto la chumba, ndipo yakaingizwa katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi humo ilikuwa ndogo na walioitaka walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari na kuyaingiza bila kuyachemsha, ili awahi nafasi. Mpemba alikuwa amekwisha kuyachemsha ya kwake. Akaona kwamba akingoja yapoe atakosa mahali pa kuyaweka. Basi akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajawa barafu.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani haliwezi kutokea. Kwa wakati ule Mpemba aliliamini jibu hilo. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba huko nako maziwa huwekwa yakiwa ya moto kwa sababu hivyo huganda upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, na darasa likaifikia kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Jibu lile halikugusa maziwa wala jokofu wala joto. Liligusa jina la aliyeuliza. Hata hivyo haitakuwa haki kumdhania mwalimu yule kuwa alikuwa mtu asiyefikiri. Nyuma ya dhihaka yake kulikuwa na hoja nzuri sana, na msomaji atafaidika zaidi akiipa nguvu zake zote kabla ya kuipinga.

Kanuni ya Newton husema kwamba kadiri kitu kinavyozidi joto la mazingira yake, ndivyo kinavyopoteza joto kwa kasi. Maji ya nyuzi 100 hupoa kwa kasi kuliko maji ya nyuzi 35. Lakini kabla ya kuwa barafu, maji ya nyuzi 100 lazima yapitie nyuzi 35, na yakifika hapo yamebakiwa na safari ile ile waliyoianza wenzake, yenye kuhitaji muda ule ule. Mfano wake ni waendesha baiskeli wawili wanaokwenda Dar es Salaam, wakiondoka kwa saa moja, mmoja kutoka Morogoro na mwingine kutoka Chalinze iliyo katikati ya njia. Yule wa Morogoro hata akienda kwa kasi ya ajabu mpaka Chalinze, akifika hapo atakuta mwenzake amekwisha kutangulia. Na ikiwa tangu Chalinze kila mmoja huenda kwa mwendo ule ule, hawezi kumpita.

Hoja hiyo haina ufa katika mfuatano wake. Anayeikubali misingi yake hana njia ya kulikwepa hitimisho. Ndiyo sababu misingi yenyewe hapana budi ihesabiwe yote, pamoja na ule usiotamkwa. Hoja ya mwalimu ilisimama juu ya msingi mmoja ambao hakuutaja, na yamkini hakujua kwamba ameuweka: kwamba maji yaliyofika nyuzi 35 baada ya kuchemka ni sawa kwa kila hali na maji yaliyoanzia nyuzi 35. Je, ni sawa? Tuseme mwendesha baiskeli wa Morogoro alibeba magunia mawili ya mkaa, na moja likaanguka njiani. Huyo anayefika Chalinze si sawa na anayeondokea Chalinze akiwa na magunia yake mawili. Maji ya moto nayo huacha vitu njiani. Sehemu yake hugeuka mvuke, na yanayobaki kugandishwa huwa machache zaidi. Hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka. Mikondo ya maji ya moto yanayopanda na ya baridi yanayoshuka huwa na nguvu zaidi. Pengine hata chombo chenyewe huyeyusha utando wa barafu chini yake, kikakaa vizuri juu ya chuma baridi cha jokofu. Haidaiwi hapa kwamba lolote kati ya mambo hayo ndilo lililogandisha maziwa ya Magamba. Linalodaiwa ni kwamba maadamu msingi ule haukupimwa, hoja ya mwalimu ilitosha kumtia mtu shaka, lakini haikutosha kusema "haiwezekani".

Mpemba alifanya lililopaswa kufanywa. Katika maabara ya biolojia alichukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yanayochemka, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto. Kisha shule ikatembelewa na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi waliporuhusiwa kuuliza, Mpemba alisimama akataka kujua kwa nini, vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kipimo kimoja vikiwekwa katika jokofu, kimoja kikiwa katika nyuzi 35 na kingine katika nyuzi 100, hiki cha pili huganda kwanza. Wenzake waliona kwamba amewaaibisha. Osborne alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, akauliza kama ni kweli jaribio limefanywa, kisha akaahidi kulijaribu yeye mwenyewe akirudi Dar es Salaam.

Ahadi hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Osborne hakukubali. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alidhani mwanafunzi huyo amekosea. Alichokifanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyafunga fundo moja: kutokusadiki kauli, na kukataa kuipima. Mtu anaweza kuwa na shaka nzito na bado akafungua jokofu.

Katika kisa hiki kuna tukio dogo ambalo pengine lina mafunzo kuliko jaribio lenyewe. Kazi ya kupima alikabidhiwa fundi wa maabara. Fundi alirudi na taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini mwenye kupima huku jibu "sahihi" liko mfukoni mwake hapimi kitu. Anangoja tu siku ambayo vyombo vitamkubalia. Wasemaji wengi wa hadharani hufanya kazi kama fundi yule. Takwimu zikiwapendeza huzitaja, zisipowapendeza huomba zipigwe upya.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Osborne alitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za sentimita 100, maji yaliyokwisha kuchemshwa ili kupunguza hewa iliyomo, akaanzia katika viwango mbalimbali vya joto. Maji yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kabla ya kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanzia karibu na nyuzi 25, na yale yaliyoanzia karibu na nyuzi 90 yalitumia muda mfupi zaidi kwa mbali.

Haraka ya kukubali

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi tamu ya mwanafunzi aliyewashinda walimu, na ndivyo kinavyosimuliwa mara nyingi. Kwa bahati nzuri kinaendelea. Jambo lile likapewa jina la athari ya Mpemba, likaenea duniani, na ikakumbukwa kwamba Aristotle, Francis Bacon na René Descartes nao waliwahi kuandika juu ya maji ya moto kuganda upesi. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya chanzo chake, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Mwanafunzi atafakari hesabu hiyo. Maelfu ya watu waliandika kwa nini jambo hilo hutokea. Ni wachache mno wangeweza kuonyesha kwamba hutokea, na katika hali zipi.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walilirudia swali hilo kwa uangalifu. Walipima muda ambao maji huchukua kupoa hadi nyuzi sifuri, wakayachambua pia matokeo ya waliotangulia. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hufika huko kwanza. Zaidi ya hayo, walionyesha kwamba kipimajoto kikiinuliwa au kikishushwa kwa kiasi cha sentimita moja tu ndani ya chombo, jibu linaweza kugeuka, kwa kuwa maji ya chombo kimoja hayana joto moja juu na chini. Wapo waliowajibu kwamba kupoa hadi nyuzi sifuri si kuganda, kwani maji huweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, na barafu ya kwanza hutokea kwa namna isiyotabirika. Mwaka 2020 watafiti wawili nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, walionyesha kwa chembe ndogo sana inayoelea katika maji kwamba, hali zikipangwa kwa makusudi, chenye joto zaidi kinaweza kweli kutangulia kupoa. Lakini chembe ile si aiskrimu.

Je, hoja ya Mpemba ikubaliwe au ikataliwe? Ikiulizwa hivyo, swali halina jibu, kwa sababu ndani yake mna kauli tatu zilizofungwa pamoja. Ya kwanza, kwamba siku ile maziwa ya moto yaliganda mbele ya yale mengine: hiyo haina sababu ya kukataliwa, maana mwenyewe aliyaona, akarudia kwa maji, na mwingine akarudia Dar es Salaam. Ya pili, kwamba maji ya moto siku zote huganda upesi kuliko ya baridi: hiyo si kweli, na Osborne mwenyewe hakudai hivyo. Ya tatu, kwamba chanzo chake ni mvuke, au hewa, au mikondo: hiyo bado iko wazi. Mtu mwenye busara anaweza kukubali moja, kukataa moja na kuiacha moja ikining'inia bila kujipinga hata kidogo. Katika mdahalo hana nafasi hiyo, kwani lazima akae upande wa watetezi au upande wa wapinzani. Hilo ni pungufu la mdahalo ambalo walimu wangefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi wao mapema.

Karanga za Kongwa

Katika jokofu la shule, kosa hugharimu maziwa ya kikombe kimoja. Katika mambo ya serikali gharama ni nyingine. Miaka 17 kabla ya Mpemba kufungua jokofu, hoja kubwa zaidi ilikuwa imekubaliwa juu ya nchi hiyo hiyo, nayo haikujaribiwa kwanza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula kilikuwa kikiuzwa kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alishauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wajumbe walizunguka kwa muda wa wiki tisa, kisha wakapendekeza zifyekwe ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa kiasi cha pauni milioni 25. Mpango ulikubaliwa kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, chini ya Wizara ya Chakula iliyoongozwa na John Strachey.

Hoja yenyewe yaweza kupangwa hivi. Uingereza inahitaji mafuta. Karanga hutoa mafuta. Tanganyika ina ardhi kubwa yenye watu wachache. Mashine hufyeka na kulima kwa kasi kuliko jembe la mkono. Kwa hiyo mashine zikipelekwa Tanganyika, Uingereza itapata mafuta. Kila kauli kati ya zile nne za mwanzo ilikuwa kweli. Aliyeipinga mojawapo angeonekana mbishi asiye na sababu. Lakini hapa tena upo msingi uliojificha: kwamba ardhi ile ilikosa mashamba makubwa kwa sababu ya upungufu wa mikono na zana. Ikiwa mikono ndiyo iliyokosekana, trekta ni dawa. Ikiwa kilichokosekana ni maji, trekta halileti mvua.

Ushahidi wa kuupima msingi huo haukuwa mbali. Ugogo hupata mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, na misimu hiyo si ya kutegemewa. Njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, iliyowaua Wagogo wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima. Wenyeji walifuga ng'ombe na kulima uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame. Na uchaguzi huo wa mazao ulikuwa kumbukumbu ya mvua ya vizazi vingi, iliyoandikwa mashambani badala ya vitabuni. Vipimo vya mvua vilivyokuwapo ofisini vilikuwa vichache.

Udongo nao ulikuwa na neno la kusema. Karanga ina tabia yake ya pekee: ua huchanua juu ya ardhi, lakini likisha kuchavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kuchimba udongo, na punje hukua huko chini. Ili kuvuna ni lazima ardhi ifukuliwe. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi mwingi, ambao kiangazi kikifika huwa mgumu kama tofali, na mchanga mkali uliokuwa ndani yake ulikula majembe ya mashine. Vichaka vilikuwa na mizizi iliyosokotana, matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika upesi kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kupata ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwaka 1949 ukame ukaja. Mpango uliachwa mwezi Januari 1951, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36.

Kwa nini haukufanywa kwanza upimaji mdogo, wa mashamba machache kwa misimu michache? Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba hakuna muda. Watu wanahitaji mafuta sasa. Jibu hili lina nguvu kubwa katika mambo ya umma, na ndiyo maana lifaa kuchunguzwa kwa makini kuliko mengine yote. Uharaka wa haja huonyesha kwamba jambo linatakiwa. Hauonyeshi kwamba linawezekana. Mgonjwa akiwa mahututi, dawa isiyomfaa haigeuki kuwa ya kumfaa kwa sababu ya hali yake. Na katika kisa cha Kongwa, miaka iliyookolewa kwa kutokupima ilipotea yote, pamoja na fedha.

Ujuzi wa Wakefield na wenzake si jambo la kudharauliwa. Hakuna anayeweza kuishi bila kutegemea maneno ya wajuzi. Mgonjwa hampimi daktari elimu yake ya viungo kabla ya kumeza dawa. Lakini neno la mjuzi lina uzito pale tu ujuzi wake unapolifikia swali lenyewe. Wakefield aliijua Tanganyika na kilimo chake. Kulima karanga kwa mamia ya matrekta katika mfinyanzi wa Ugogo kulikuwa hakujafanywa na mtu yeyote, kwa hiyo juu ya jambo hilo hapakuwa na mjuzi, bali watu wenye makisio mazuri. Kwa upande mwingine, mtu angeweza kuikataa hoja ya Samuel kwa kusema tu kwamba kampuni yake ilifanya biashara ya mafuta ya mimea. Huko nako ni kukosea. Maslahi ya msemaji ni sababu ya kukagua mzigo wake. Hayasemi kilichomo ndani ya mzigo.

Katika Bunge la Uingereza jambo lile liligeuka kuwa mvutano wa vyama. Chama cha Labour kilitetea mpango wake, chama cha Conservative kikaushambulia, na kadiri kelele zilivyoongezeka ndivyo ilivyokuwa vigumu kwa waziri kukiri kwamba mvua haikunyesha. Mwenye kukiri angehesabiwa kuwa ameshindwa. Hapa maana mbili za neno "hoja" zilikutana, na ile ya kura ikaifunika ile ya ushahidi.

Mpango ulipoanguka, likaja kosa la upande wa pili. Wengi walisema imethibitika kwamba karanga hazistawi katika nchi ile, na wengine wakasema imethibitika kwamba kilimo cha mashine hakiifai Afrika. Halikuthibitika hata moja. Wakulima wadogo wa Dodoma hulima karanga mpaka leo, kwa ukubwa na kwa wakati wanaouchagua wenyewe. Urambo, mojawapo ya sehemu za mpango ule, palijulikana baadaye kwa tumbaku, na Kongwa pakawa na ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangeweza kuitaja tangu siku ya kwanza. Kilichoanguka mwaka 1951 ni ile hoja, yaani njia ile ya kutoka katika haja ya mafuta hadi ekari milioni 3 bila kupita katika mvua na udongo. Hoja mbovu ikivunjwa, hitimisho lake hubaki bila mtetezi. Halijawa la uongo. Mwalimu wa Mkwawa angeweza kuwa na haki ya kusema kwamba maziwa ya siku moja hayatoshi kuthibitisha kanuni ya maumbile. Kutoka hapo hadi kusema kwamba jambo lenyewe haliwezekani kuna hatua nzima, naye aliiruka.

Jaribio la Mpemba halihitaji vyombo vya gharama, na shule yenye jokofu inaweza kulifanya kwa siku moja ya mapumziko. Vyombo viwe viwili vya aina moja, maji yapimwe kwa mizani kabla na baada ili ijulikane yaliyopotea kwa mvuke, utando wa barafu ufutwe chini ya vyombo, na vipimajoto vizame kwa kina kile kile. Sehemu ngumu ni ile inayotangulia. Darasa ligawanywe pande mbili kama katika mdahalo, na kabla mlango wa jokofu haujafungwa kila upande uandike ubaoni mambo mawili: nini kitahesabiwa kuwa kuganda, utando wa kwanza juu ya maji au barafu tupu hadi chini, na ni matokeo gani yatakayoufanya upande huo uache msimamo wake. Upande usioweza kuandika jambo la pili uombwe ukae kwanza, usubiri. Kisha mlango ufungwe, na mmoja wa wanafunzi aandike saa.